Misemo Arobaini kwa Madam Wen

Jebel Ali, Dubai
2 Februari 2014

Kwa Baba,

Nakusalimu wewe na Mama, na majirani wote wa hapo Kimilili. Mimi ni mzima. Mguu uliokuwa ukivimba kwa kusimama umepona tangu walipotuletea kiti. Presha ya Mama inaendeleaje? Na wewe, bado unakunywa chai bila sukari kama daktari alivyoagiza, au unamdanganya?

Najua imepita miaka miwili tangu nikuandikie wewe mwenyewe. Salamu zangu zimekuwa zikipitia simu ya Mama. Leo nina shida ambayo Mama hawezi kuitatua.

Mimi ni mlinzi wa lango la ghala la Wachina. Lori likifika naandika namba yake na saa katika kitabu cha matukio, kisha nainua kizuizi. Humu ghalani yuko mama mmoja, Madam Wen, wa miaka thelathini na sita. Anahesabu kontena. Kiingereza chake ni cha namba: moja hadi elfu, na "okay". Tarehe 12 Juni meneja wetu, Bwana Shakir, atampa mtihani wa kuzungumza. Akifaulu ataketi kwenye dawati la malori, mahali pa kuongea na madereva kwa redio na simu. Mwenye dawati hupewa nyumba ya familia.

Mumewe ni fundi wa kreni hapa hapa, lakini analala mabweni ya wanaume Al Quoz. Mtoto wao, Bo, ana miaka saba. Yuko China kwa bibi yake. Madam Wen alimwacha akiwa na miaka minne na hajamwona tena ila kwenye simu. Bila ile nyumba mtoto haji.

Amenijia mimi kwa sababu watu hapa wanaamini Mkenya huzaliwa na Kiingereza mdomoni. Maneno ya kawaida nimemfundisha. Yaliyonishinda ni yale ambayo kila neno unalijua likiwa peke yake, na yakikaa pamoja hulijui hata moja. Ananiuliza: "Give" ni kutoa. Kwa nini "give up" ni kukata tamaa? Mtu anatoa nini, na kwa nini juu? Wewe ulifundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja.

Barua hii anakuletea Duncan, anayekuja likizo. Ukitaka kujibu, mpe yeye. Usipotaka, nitaelewa.

Binti yako,
Roselyne


Kimilili
23 Februari 2014

Roselyne,

Barua yako imefika kwa mkono wa Duncan, ambaye amenenepa. Mama yako hajambo. Presha imeshuka. Kuhusu chai, mambo ya nyumba hii yanajulikana na wenye nyumba.

Umeandika ukurasa mzima na nusu bila kosa la tahajia. Nimeona.

Mjibu mwanafunzi wako hivi. Sisi katika Kiswahili kiungo tunakibandika mkiani mwa kitenzi: piga, pigia, pigana, pigisha. Mwingereza anakiacha kiungo chake kitembee kando, kama mbuzi asiye na kamba. Asiulize mtu anatoa nini wala kwa nini juu. "Give up" ni jina moja, kama jina la mtu. Hakuna anayeuliza kwa nini wewe ni Roselyne.

Pamoja na hii kuna karatasi nne zenye misemo arobaini. Nimeandika kwa wino mwekundu ile ambayo watahini huipenda zaidi. Mvua ikiwa kubwa, inanyesha paka na mbwa. Mtu akiwa na afya, yuko imara kama fidla. Jambo likiwa adimu, hutokea mara moja katika mwezi wa buluu. Jambo likiharibika, asilie juu ya maziwa yaliyomwagika, na akumbuke kwamba kila wingu lina pindo la fedha. Insha isiyo na misemo ni ugali bila mboga, na nadhani mazungumzo ni hivyo hivyo. Akariri kumi kila wiki. Siku ya Ijumaa umtahini bila yeye kutazama karatasi.

Nataka kujua wao kwao hufundishwaje. Niandikie hilo kwa urefu.

Mwalimu Naftali


Jebel Ali
16 Machi 2014

Kwa Baba,

Pokea salamu zangu, na umwambie Mama nimepata zile dagaa za omena alizotuma. Zedekiya, mlinzi mwenzangu Mganda, alizimaliza nusu kabla sijaonja, akasema kwao zinaitwa mukene na kwa hiyo ni zake. Afya yangu ni nzuri. Joto limeanza kupanda.

Ulisema misemo kumi kwa wiki. Madam Wen amekariri yote arobaini kwa siku nne. Ameiandika moja moja nyuma ya lebo za kontena zilizoharibika, kwa Kiingereza upande mmoja na herufi zao upande wa pili, na anaibeba mfukoni kama karata. Tunasomea kibandani kwangu saa sita na nusu mchana, malori yakiwa yamesimama kwa chakula. Yeye huleta maandazi yao yenye nyama ndani, yaliyopikwa kwa mvuke. Mimi huleta chai.

Uliuliza hufundishwaje. Anasema kwao pia kuna misemo, mingi ina maneno manne tu, na mtoto huikariri shuleni kwa maelfu. Anayeijua huonekana amesoma. Kwa hiyo nilipompa karatasi zako alizishika kwa mikono miwili. Akasema, "Baba yako mwalimu wa kweli." Wengine waliojaribu kumfundisha walimpa maneno ya sokoni tu.

Zedekiya anatucheka. Juzi alimsikia akisema yuko imara kama fidla, akaniambia, "Wewe Roselyne, hicho Kiingereza kilizikwa pamoja na mzungu wake. Umekifukua wapi?" Nikamwambia ashike lango lake.

Tutumie mingine. Anauliza kila siku kama barua imefika.

Binti yako,
Roselyne


Kimilili
5 Aprili 2014

Roselyne,

Sisi wazima. Mvua imeanza na tumepanda. Mama yako anauliza kama huyo Madam Wen anakula vizuri, kwa kuwa kazi ya kuhesabu huchosha kichwa. Sijui amepata wapi elimu hiyo.

Habari za mikono miwili nimezisoma mara kadhaa. Darasani kwangu karatasi zilishikwa kwa njia nyingi, nyingine zikawa ndege za kurushwa, lakini hiyo sikuiona.

Nakutumia misemo thelathini. Kila siku baada ya chakula cha mchana naketi mezani kuiandika, na watoto wa jirani wamejua wasinipigie kelele. Nilikuwa nimesahau jinsi mkono unavyouma kwa kuandika. Si maumivu mabaya.

Mwambie huyo Mganda kwamba mimi nilifundishwa na watu waliofundishwa na wenye lugha. Mwambie pia kwamba omena ni omena.

Zimebaki wiki tisa na siku tano. Asikose hata siku moja.

Baba yako,
Mwalimu Naftali


Jebel Ali
27 Aprili 2014

Kwa Baba,

Natumaini mahindi yameota na Mama yuko salama. Mimi mzima wa mwili. Barua hii nimeianza mara tatu kwa siku nane. Nimeamua kuandika jinsi ilivyotokea, kama ninavyoandika katika kitabu cha matukio.

Jumamosi tarehe 19, saa tano na dakika kumi, mwenye dawati alikwenda kliniki. Bwana Shakir akamwambia Madam Wen akae pale saa moja, ajizoeze. Saa tano na nusu dereva mmoja anayeitwa Hafiz alipiga simu. Lori lake lilikuwa limeharibika barabarani, injini inatoa moshi, ana kontena la dawa zinazotaka baridi. Alikuwa anapiga kelele. Madam Wen akamjibu taratibu, kwa matamshi mazuri, kwamba kila wingu lina pindo la fedha. Hafiz akauliza nini? Akamwambia asilie juu ya maziwa yaliyomwagika.

Hafiz alidhani anadhihakiwa. Alizima simu. Fundi alichelewa kutumwa kwa saa mbili na dakika ishirini, na dawa zikakataliwa na mwenye mzigo.

Bwana Shakir alikuja hadi langoni. "Nani anamfundisha huyu?"

"Mimi, sir."

"Dereva amekwama kwenye jua, anaambiwa habari za wingu. Hafiz hajaona wingu tangu mwezi wa pili! Dawatini sitaki mashairi. Nataka mtu aseme 'pull over', 'back up', 'hold on', khalas, basi."

Nikamwomba asimfutie mtihani. Akasema tarehe ni ile ile, lakini akisikia wingu tena, mama huyo atahesabu kontena hadi azeeke.

Sikukutaja, Baba. Lakini wewe sitakuficha. Madereva wa hapa ni Wapakistani, Wahindi, Wasudani, Waganda. Kiingereza chao ni kifupi na hakina mapambo. Misemo yako ni mizuri mahali pake, na hapa si mahali pake. Mimi ndiye niliyepaswa kuliona hilo, kwa sababu mimi ndiye niliye hapa. Zedekiya aliniambia nikamwona mjinga.

Madam Wen hakulia. Aliniuliza kama wewe utakasirika. Nikasema sijui.

Binti yako,
Roselyne


Jebel Ali
25 Mei 2014

Kwa Baba,

Sijui kama barua yangu ya Aprili ilikufikia. Mama kwenye simu anasema mko salama, na kwamba wewe "umetoka kidogo". Umetoka kwenda wapi, hataki kusema. Natumaini si hospitali.

Mimi mzima. Nimefanya nilivyoweza. Nimeiweka redio ya lango sikioni mchana kutwa, na kila dereva akisema neno nisilomfundisha Madam Wen naliandika ukurasa wa nyuma wa kitabu. Ila hapa langoni nasikia upande mmoja tu: wanaingia, wanatoka. Mambo yakiharibika huko barabarani hawanipigii mimi. Hayo ndiyo atakayotahiniwa.

Nilimwambia zile lebo azitupe. Alikataa. Amezifunga kwa mpira na kuziweka chini ya mto wake. Anasema za kazi ni za kazi, na zile ni zake.

Zimebaki siku kumi na nane. Kama umekasirika niandikie kwamba umekasirika. Hilo nitalipokea.

Binti yako,
Roselyne


Kimilili
22 Mei 2014

Binti yangu,

Hii inakuja kwa mkono wa Jecinta, binti wa kanisani kwetu anayekuja huko Dubai kufanya kazi Mirdif. Ameahidi kukupigia simu siku atakayofika. Mama yako hajambo. Mimi nina mafua, na sababu yake utaisoma.

Barua yako ya Aprili niliisoma mara moja nikaiweka chini ya redio. Ilikaa huko siku tisa. Nilikuwa na hasira na huyo Shakir, halafu na Hafiz, halafu na wewe. Siku ya tisa nikapiga hesabu. Miaka thelathini na mmoja, watoto arobaini kila mwaka: ni watu elfu moja mia mbili na arobaini niliowafundisha kusema inanyesha paka na mbwa. Nikajaribu kukumbuka ni lini mimi mwenyewe nilimwambia mtu hivyo, nje ya darasa. Sikukumbuka hata siku moja.

Basi nikachukua daftari na kofia nikaenda Malaba.

Mpakani pale malori yanapanga foleni ya kilomita nne, na madereva wanatoka kila nchi: Wasomali, Wanyarwanda, Waganda, watu wetu. Kati yao na mawakala wa forodha, wasipoelewana kwa Kiswahili wanageukia Kiingereza. Nilikaa siku nne. Usiniambie lolote kuhusu umri wangu, Mama yako ameshasema yote.

Siku ya kwanza walidhani ni mpelelezi wa ushuru. Nikikaribia wananyamaza. Dereva mmoja akaniuliza, "Mzee, unaandika nini? Unataka kutufunga?" Nikamwambia nina mwanafunzi Mchina huko Dubai, ana mtoto hajamwona miaka mitatu, na nimemfundisha vibaya. Wakacheka sana. Kisha mmoja akanipa mkebe wa kukalia. Kufikia siku ya tatu walikuwa wananiita: "Mwalimu, njoo usikie, huyu anagombana na ofisi yake!" Nami nakimbia na daftari.

Nimekuletea vitenzi sitini na viwili. Kila kimoja nimeandika nani alikisema, gari likiwa na tatizo gani, na alijibiwa nini. Majibu ndiyo muhimu. Gari likiharibika ni "broke down", na anayejibu hasemi pole kwanza, anauliza "where?" Tairi likipasuka, breki zikishika moto, mzigo ukiegemea, karatasi zikipotea, yote yamo. Niliona pia kwamba dereva akipiga kelele, wakala mzuri hushusha sauti yake. Hilo si neno lakini nimeliandika.

Mvua ilinyesha siku mbili kati ya nne. Hakuna aliyetaja paka wala mbwa. Walisema inanyesha.

Jambo moja zaidi. Ulipoacha chuo cha ualimu mwaka wa pili nilisema umeacha kufundisha, na nikasema mengine. Nilikosea. Ningeweza kulisema hili miaka miwili iliyopita, na sikulisema.

Umhimize Madam Wen. Akishindwa, mwambie mwalimu wake wa kwanza ndiye aliyemchelewesha.

Baba


Jebel Ali
13 Juni 2014

Baba yangu,

Pole kwa mafua. Kunywa tangawizi, na chai iwe na sukari kama unataka. Mimi niko vizuri, isipokuwa sauti imekauka kwa kuwa dereva wa kuigiza.

Jecinta alinipigia tarehe 28. Nilipata ruhusa nikaenda Mirdif kwa mabasi mawili kuchukua daftari lako. Tulikuwa na siku kumi na tano. Kila mchana mimi na Zedekiya tulikuwa madereva wako wa Malaba. Zedekiya alikuwa Msomali mwenye breki za moto, akapiga kelele kweli kweli hadi watu wa ghala wakaja kutazama. Madam Wen akamwambia apaki pembeni, ashuke, asimwage maji kwenye gurudumu. Kwa sauti ya chini. Zedekiya alisahau kwamba anaigiza, akasema "Sawa, madam."

Jana ulikuwa mtihani. Bwana Shakir hakuuliza maswali. Alifungua redio, akamwacha ajibu madereva watatu wa kweli. Wa kwanza alikuwa amepotea njia, akamrudisha. Wa pili alikuwa hapa langoni. Akamwambia arudi nyuma bila kuniuliza mimi kama nyuma kuko wazi, na lori likaponda koni yangu. Bwana Shakir akaandika kitu. Wa tatu alikuwa Hafiz.

Hafiz aliitambua sauti yake. Madam Wen akamwuliza, "Where are you?" Akajibu. Akamwuliza nini kimeharibika. Akajibu. Akamwambia asubiri, fundi anatoka sasa, atafika baada ya dakika thelathini na tano, ni mtu mwenye kofia ya njano. Hafiz akasema shukran. Ni hayo tu.

Hajapewa dawati. Amepewa miezi miwili ya majaribio, kwa sababu ya koni. Mwisho wa Agosti ndipo watamwambia habari ya nyumba. Bwana Shakir aliniuliza kwa upole, "Hivi vitenzi umevipata katika kitabu gani?" Safari hii nilikutaja. Nilisema baba yangu alivifuata mpakani kwa miguu yake.

Yale uliyoyaandika mwishoni nimeyasoma. Nimeyasoma kila siku.

Roselyne wako


Kimilili
6 Julai 2014

Binti yangu,

Tuko salama, mafua yamekwisha, mahindi yamefika kifuani. Mama yako amemsimulia kila mtu habari ya koni.

Nimerudi Malaba mara moja, kuwapa matokeo. Niliwaahidi. Yule wa mkebe alikuwa hayupo, yuko safarini Kigali, lakini wengine walipiga makofi, na mmoja akauliza kama huyo Mchina anaajiri. Mkuu wa shule yangu ya zamani amenialika kuzungumza na darasa la nane. Nitakwenda na daftari la pili, nililolijaza safari hii ya Malaba. Nadhani walimu wa huko hawatalipenda.

Agosti ikifika usinifiche jibu, liwe lolote. Na mtoto akija niandikie alivyofika. Sitaki mapambo. Andika ulichokiona.

Baba


Jebel Ali
21 Septemba 2014

Baba yangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Nina afya, na nilipumzika juzi, Ijumaa, ingawa sikulala.

Tarehe 31 Agosti Madam Wen alithibitishwa. Nyumba ni vyumba viwili, orofa ya tatu, lifti mbovu. Mumewe amehama Al Quoz na sanduku moja. Juzi Bo aliletwa na mfanyakazi mmoja wa kampuni aliyekuwa akirudi kutoka likizo. Walinichukua niende nao uwanja wa ndege. Nilisema ni jambo la familia. Madam Wen akasema nisimchoshe na maneno mengi.

Ndege ilitua saa nne asubuhi. Tulisimama kwenye kizuizi saa nzima na dakika kumi. Mumewe alikwenda kununua maji mara tatu. Madam Wen alikuwa amevaa gauni jipya, na midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti. Alikuwa anakariri atakachosema.

Mtoto akatoka ameshikwa mkono, ana begi mgongoni lenye picha ya treni. Ni mwembamba na amenyolewa upara. Alipofika mbele yetu alisimama umbali wa hatua tatu. Akamtazama mama yake toka viatuni hadi kichwani, polepole, kama ninavyokagua lori. Madam Wen hakusema hata neno moja la yale aliyokariri.

Kisha mtoto akasema kitu kifupi. Mumewe akacheka, akageuka upande. Nikamwuliza Madam Wen amesema nini.

"Anasema mimi mfupi kuliko kwenye simu."

Akachuchumaa pale pale sakafuni, gauni na yote, mpaka macho yao yakawa sawa. Mtoto akasogea zile hatua tatu. Watu walikuwa wakitupita na mizigo yao, na mlinzi wa uwanja akaja kutuambia tunaziba njia. Nikamwonyesha kitambulisho changu cha ulinzi. Akawatazama wale wawili pale sakafuni, akawaelekeza watu wapite upande wa pili.

Binti yako,
Roselyne